Teja wa jirani na mtoto wa nyumbani

Katika mkutano wa mtaa niliohudhuria hapa Mtwara mjini msimu wa korosho uliopita, ajenda ya ulinzi ilikula muda mrefu kuliko ya maji na ya barabara zikijumlishwa pamoja. Watu walikuwa wamechoka. Mmoja alikuwa ameng'olewa mita ya maji, mwingine ameibiwa sufuria mbili alizozianika juani baada ya kuzisugua, na mzee mmoja alieleza kwa uchungu jinsi gunia lake la korosho ghafi lilivyotobolewa usiku huku yeye amelala hatua chache tu kutoka lilipokuwa. Kila aliyesimama alimtaja mhalifu yuleyule: mateja. Wakamatwe, wafungwe, na ikiwezekana wapelekwe mbali wasionekane tena mtaani.

Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye wazo tofauti, kimya kilitanda chini ya mwembe. Kisha mama mmoja aliyekuwa ameketi pembeni ya mkeka, kanga ameifunga vizuri kichwani, akasema bila kusimama: "Mwenyekiti, mimi wa kwangu mnamjua. Mkishamfunga akatoka, atakwenda wapi?" Hakuna aliyemjibu, na hakuna aliyemkemea. Walewale waliotaka kifungo dakika chache kabla ndio waliotangulia kumwambia, "Pole, mama, Mwenyezi Mungu atamsimamia." Mkutano ulipovunjika nilimwona yule aliyeibiwa sufuria akiongozana naye njia moja, akimsikiliza kwa makini.

Kwangu mimi, tukio lile linaeleza maoni ya umma kuhusu watumiaji wa dawa za kulevya vizuri kuliko hesabu ya mikono iliyonyooshwa. Tunapoulizwa juu ya teja kwa jumla, tunasema afungwe. Tunapoulizwa juu ya mtoto wa mama fulani ambaye tulimwona akienda shule na daftari kwapani, tunasema atibiwe. Majibu yote mawili yanatoka kinywani mwa mtu mmoja, na yote mawili anayasema kwa dhati. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama wananchi wa mikoa ya kusini wangekubali matumizi ya dawa za kulevya yaondolewe katika makosa ya jinai hana budi kwanza kuangalia ameliulizaje swali lake.

Neno tunalolitumia huyaharibu mazungumzo kabla hayajaanza. Wanasheria husema "kuondoa jinai", lakini katika mazungumzo ya kila siku, kwa kutafuta wepesi, tunasema "kuhalalisha". Hapa pwani, ambako mtoto hufundishwa madrasa habari ya halali na haramu kabla hajajua vizuri kusoma na kuandika, neno hilo lina uzito wake. Ukimuuliza Muislamu wa Mikindani au wa Kilwa Kivinje kama unga, yaani heroini, uhalalishwe, kwa hakika umemuuliza kama yuko tayari kukitamka halali kitu ambacho dini yake imekiharamisha. Jibu lake unalijua kabla hajafungua kinywa, na ana haki ya kukujibu hivyo. Mkristo wa Ndanda au wa Masasi atakujibu hivyohivyo kwa maneno ya kanisani kwake.

Lakini dini hizohizo zimetufundisha kutofautisha mambo ambayo swali lile linayachanganya. Kusengenya ni haramu, wala hakuna askari anayepita vibarazani akikamata wasengenyaji. Kuacha swala ni dhambi nzito, na bado hakuna mahakama ya mwanzo inayosikiliza kesi ya mtu aliyelala alfajiri. Uzinzi wa watu wazima walioridhiana umekatazwa msikitini na kanisani, lakini sheria ya jinai ya Tanzania Bara haimpeleki mtu gerezani kwa ajili yake. Katika mambo haya yote hatujawahi kudhani kwamba kukosekana kwa kifungo kumeigeuza haramu kuwa halali. Tunajua kwamba mambo mengine anahukumiwa mtu na Mola wake, mengine yanashughulikiwa na wazee wa ukoo, na mengine ndiyo yanayopelekwa polisi. Swali la kweli kuhusu mtumiaji wa unga ni hili: kosa lake liwekwe fungu gani kati ya hayo? Nikiliuliza hivyo barazani, watu hunyamaza kidogo, hufikiri, na majibu yao huanza kutofautiana. Hapo ndipo maoni ya umma yanapoanza kupatikana, kwa maana kabla ya hapo tulikuwa tukipata msimamo wa watu kuhusu haramu, ambao tayari tulikuwa nao.

Tunao mfano wa karibu zaidi, nao uko mashambani mwetu wenyewe. Msimu wa korosho ukifika, mabibo hukamuliwa, maji yake huachwa yachachuke yakawa uraka, na uraka ukipikwa na mvuke wake ukapozwa hutoka nipa, ambayo kwingine nchini huitwa gongo. Pombe hii ya moshi isiyo na leseni imekatazwa kisheria kwa miongo mingi. Hata hivyo si rahisi kumpata mtu mzima wa Newala au Tandahimba asiyeijua harufu yake, na nimezungumza na wazazi ambao ada ya shule ya watoto wao ilitoka humo. Jinsi tunavyowatendea watu wake ndiyo inayonifikirisha. Mpishi wa nipa anajua kwamba akikutwa na mtambo wake atakamatwa, na jamii haishangai akikamatwa. Mlevi wa nipa, aliyeanguka kwenye mfereji wa barabara, hubebwa na vijana wawili hadi kwake, mkewe akamwagiwa maneno ya pole, na kesho yake babu wa ukoo akamwita kumsema. Hakuna anayefikiria kumfunga. Mtengano kati ya anayeuza na anayetumia, ambao unaonekana mgeni ukizungumziwa katika heroini, tumeuishi katika nipa bila mtu kutufundisha.

Sisemi kwamba nipa na heroini ni kitu kimoja. Unga humkamata mtu haraka na kwa nguvu zaidi, na anayejidunga kwa sindano ya kuazimana huingia katika hatari ya virusi vya Ukimwi na homa ya ini ambayo mnywaji wa uraka hakutani nayo kwa njia hiyo. Bangi nayo ina habari yake tofauti, na ni kosa kubwa la mjadala wetu kwamba bangi, mirungi na heroini hutiwa kapu moja na kuulizwa swali moja. Katika Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anayetumia bangi faraghani hatendi jinai. Uamuzi ule haukugusa heroini hata kidogo, na bado hapa kwetu husimuliwa kana kwamba wenzetu waliruhusu kila kitu.

Sheria yetu inasemaje? Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo ndiyo iliyoizaa Mamlaka inayosimamia mapambano hayo, inampa msafirishaji wa kiasi kikubwa adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha. Sijasikia barazani mtu anayeipinga adhabu hiyo, na mimi mwenyewe siipingi. Mtumiaji naye, pamoja na kuwekwa daraja lake, amebaki kuwa mkosaji wa jinai: kuvuta au kujidunga ni kosa, na kukutwa na kete, yaani kipakiti kidogo cha unga, ya matumizi yako binafsi ni kosa.

Sisi wa kusini tuna sababu ya pekee ya kuutazama kwa makini umbali uliopo kati ya hao wawili. Heroini inayotoka Afghanistan husafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ikavuka Bahari ya Hindi na kushushwa kwenye fukwe za Kenya, Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, kisha sehemu kubwa ikaendelea na safari kuelekea Afrika Kusini na Ulaya. Pwani yetu, yenye vijito na mikoko mingi kutoka Kilwa hadi mdomo wa Ruvuma, ipo katikati ya njia hiyo. Mwezi Januari 2012 zaidi ya kilo 200 za heroini zilikamatwa mkoani Lindi. Hizo ni gramu laki mbili. Hata tukichukulia kwamba kete moja ina robo gramu nzima, shehena ile ilikuwa na kete laki nane. Mtoto wa yule mama wa mkutanoni akikamatwa na kete moja, amekamatwa na sehemu moja kati ya laki nane za mzigo ambao hakuuleta na asingeweza kuuleta. Kifungo chake hakipunguzi hata jahazi moja baharini, na aliyemuuzia atampata mnunuzi mwingine kabla jua halijazama.

Wapo watakaosema, na nimewasikia, kwamba kifungo cha mtoto yule kinapunguza wizi mtaani. Hoja hii siidharau, kwa sababu ndiyo kiini cha hasira ya watu. Nimejaribu kukumbuka malalamiko yote yaliyotolewa chini ya ule mwembe na sikumbuki hata moja lililosema, "Fulani amevuta." Yote yalisema, "Fulani ameiba." Mzee aliyetobolewa gunia anadai korosho zake, na wizi ni kosa la jinai ambalo lingebaki palepale hata kama matumizi ya unga yangeondolewa kesho. Mwizi wa gunia atashtakiwa kwa gunia. Wanaotetea kuondolewa kwa jinai wamekosea sana kutolieleza jambo hili mapema na kwa sauti, kwa maana mwananchi anaposikia "mtumiaji asifungwe" anaelewa kwamba aliyemwibia ataachwa, na hapo hawezi kukusikiliza tena, hata ungekuja na maneno matamu kiasi gani.

Zaidi ya hapo, ni nani anayefungwa kwa kweli? Familia yenye uwezo humtoa kijana wake kabla jalada halijafika mbali, au humpeleka nyumba ya upataji nafuu ya kulipia mjini. Anayebaki mahabusu ni mtoto wa mvuvi au wa kibarua wa ghalani. Palipo na kosa ambalo mtu hulibeba mfukoni kila siku, palipo na mkamataji anayejua kwamba mkamatwa ataanza kutetemeka baada ya saa chache, mlango wa kitu kidogo uko wazi muda wote.

Kutetemeka huko ndiko kunakoitwa arosto, na nafikiri mtu ambaye hajakuona hawezi kutoa maoni kamili. Yule mama alinieleza kwamba huanza kwa miayo. Kijana anapiga miayo mfululizo, machozi na makamasi yanamtoka kama mwenye mafua, vinyweleo vinamsimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi, kisha tumbo linamkata, anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma hadi anajigaragaza sakafuni. Usiku mmoja alimfungia mlango kwa kufuli, akakaa nje kwenye kigoda mpaka adhana ya alfajiri, akisikia mwanawe akimwita kwa jina lake la utotoni. Asubuhi alifungua kitasa, akafungua fundo la kanga na kumpa fedha ya kete. "Nilimpa mimi mwenyewe," alisema, "ili asiende kuiba kwa watu." Kwa mujibu wa sheria mama huyo amemsaidia mtu kutenda kosa. Waulize watu wa mtaa ule kama afungwe.

Dawa ya kutuliza hali hiyo ipo, na ipo katika nchi yetu. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni bila malipo, ikiwa miongoni mwa huduma za kwanza za umma za aina hiyo katika Afrika kusini mwa Sahara. Baadaye huduma ikafika Mwananyamala na Temeke, Zanzibar, na mikoa mingine ikiwamo Dodoma, Mbeya na Mwanza. Methadoni ni ya jamii moja na heroini, lakini hunywewa kwa kikombe mbele ya mhudumu, huingia mwilini polepole na hukaa zaidi ya siku nzima, kiasi kwamba mgonjwa haingii katika arosto wala halewi kama anapovuta. Haiwasaidii wanaotumia bangi au kokeini, na inahitaji mtu afike kliniki kila siku, kwa miezi mingi na mara nyingine kwa miaka. Sharti hilo la kila siku ndilo lililomshinda kijana wa yule mama. Mwaka 2013, wakati kliniki zilikuwa bado ziko Dar es Salaam tu, alipelekwa kwa mjomba wake huko, akanywa dawa, akanenepa, akapata kibarua cha kupakia mizigo. Mjomba alipofariki alikosa pa kulala akarudi nyumbani. Dozi ya kila siku haifuatwi kwa basi lenye safari ya zaidi ya kilomita 500. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa kijiweni kulekule alikotolewa.

Ninaukumbuka mfano huu kila ninaposoma habari za nchi za mbali, kwa sababu huko nako kilichoamua matokeo na maoni ya watu kilikuwa kuwepo au kutokuwepo kwa kliniki. Ureno iliondoa jinai ya matumizi ya dawa zote za kulevya mwaka 2001. Dawa hizo zilibaki marufuku na wauzaji waliendelea kufungwa, lakini anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku kumi hupelekwa mbele ya tume ndogo ya watu watatu wenye ujuzi wa sheria, afya na ustawi wa jamii, ambayo humsikiliza na kumwelekeza kwenye tiba. Tiba hiyo ilikuwapo, ikiwa imepanuliwa na kugharamiwa na serikali. Maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi miongoni mwa watumiaji yalishuka sana katika miaka iliyofuata, na sheria ile imedumu.

Jimbo la Oregon nchini Marekani lilifanya jambo linalofanana na hilo kwa haraka. Novemba 2020 wananchi walipiga kura, na zaidi ya asilimia 58 wakaunga mkono. Kuanzia Februari 2021 aliyekutwa na dawa kidogo aliandikiwa faini ya dola 100, ambayo ingefutwa kama angepiga simu kufanyiwa tathmini ya afya. Waliopiga simu walikuwa wachache sana. Fedha za tiba zilichelewa, na wakati huohuo fentanili, dawa kali kuliko heroini, ilikuwa inaenea. Watu wakaona wenzao wakivuta hadharani na kuanguka njiani, na maoni yakageuka. Mwaka 2024 bunge la jimbo lilirudisha kosa la jinai, na sheria hiyo ikaanza kutumika Septemba mwaka huohuo. Wale asilimia 58 hawakuwa wajinga walipopiga kura, wala hawakuwa na roho mbaya walipobadilika. Waliahidiwa kwamba mkono wa polisi utaachia na mkono wa daktari utashika, wakaona wa kwanza umeachia na wa pili haujafika.

Ndiyo maana msimamo wangu haumfurahishi sana rafiki yangu anayetaka sheria ibadilishwe mara moja, wala jirani yangu anayetaka iongezewe makali. Naamini kwamba mtu anayetumia dawa za kulevya, akiwa hakuuza wala hakuiba, hapaswi kuwa mfungwa, na naamini kwamba nchi yetu itafika huko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unaruhusu mtumiaji aliyekutwa na kiasi chake binafsi apewe matibabu badala ya kutiwa hatiani au kuadhibiwa, kwa hiyo kusema kwamba mikono yetu imefungwa na mikataba si sahihi. Lakini sitaki sheria ifike Mtwara kabla ya kikombe cha methadoni kupatikana karibu na kila anayekihitaji, kabla ya muuguzi aliyefunzwa kumsikiliza bila kumtukana, na kabla ya polisi kata kuwa na mahali pa kumpeleka kijana saa nne usiku zaidi ya mahabusu. Ikitangulia sheria pekee, wizi utaendelea vilevile, na jina la tiba litachafuka kwa miaka mingi machoni pa mzee wa gunia la korosho. Tiba ikitangulia, mzee huyo atamwona kijana akipita kila asubuhi kwenda kliniki na kurudi na akili yake, na baada ya miezi sita atakapoulizwa kama kijana yule afungwe, atakuwa anaulizwa habari ya mtu anayemjua.

Tunaweza kuanza na mambo ambayo hayangoji Bunge. Mikutano ya mitaa ihesabu wizi kama wizi na uraibu kama uraibu, kila kimoja na kurasa zake. Masheikh na mapadri, ambao husikilizwa kuliko sisi waandishi, waseme mimbarini kwamba kumpeleka mraibu hospitali hakumhalalishii anachokitumia. Halmashauri, ambazo hukusanya ushuru wa korosho kila msimu, ziulizwe hadharani ni kiasi gani wametenga kwa ajili ya afya ya akili na uraibu, na wananchi wajibiwe kwa tarakimu.

Nilimwomba mwenyekiti wa mtaa anioneshe kumbukumbu za mkutano ule. Chini ya ajenda ya ulinzi katibu alikuwa ameandika maazimio manne kwa wino wa buluu, yote yakihusu kukamata. Swali la mama nililikuta ukurasa wa nyuma, chini ya "mengineyo", limeandikwa kama alivyolisema: akitoka, atakwenda wapi. Mbele yake, kwenye safu ya mhusika wa utekelezaji, palikuwa hapajaandikwa kitu, na mwenyekiti aliniambia ameliacha wazi makusudi ili alipeleke kwenye kikao cha kata.